Mnenguaji wa Zamani, Mama Mkwe na Vita ya Kunde Huko Kiromo

Wapenda ubuyu wa mjini wanamkumbuka. Enzi zake akipanda jukwaani na bendi ya dansi, ukumbi mzima unasimama na noti zinabandikwa kwenye paji la uso. Jina kapuni, maana mwenyewe hataki tena mambo ya kuandikwaandikwa. Leo anaishi Kiromo, ukitokea Bunju kabla hujafika Bagamoyo mjini, ana watoto wawili, mume dereva wa malori ya masafa marefu, na meza ya bajia nje ya nyumba. Na ndoa yake nusura ivunjike. Siyo kwa mchepuko, siyo kwa meseji za usiku. Kwa kunde.

Usicheke kwanza. Bajia anazouza ni zile za Pwani zenyewe, za kunde, siyo za unga wa dengu. Unaloweka kunde usiku, asubuhi unazisugua mpaka maganda yatoke, unasaga, unatia kitunguu, pilipili na giligilani, halafu unalipiga lile rojo mpaka lijae hewa. Ukiwa mvivu hapo kwenye kupiga, bajia inatoka ngumu kama jiwe. Wanaijeria wanazo hizohizo, wanaziita akara, na Waafrika wa magharibi waliopelekwa utumwani Brazil walikwenda na ujuzi huo, mpaka leo wanawake wa Bahia wanauza acarajé barabarani, kunde zilezile ila zimekaangwa kwa mawese. Kwa hiyo dada yetu hayuko peke yake duniani.

Shida yake ilikuwa mtaji. Kunde za sokoni zikiadimika zinapanda bei, lakini bajia ya shilingi mia haipandi, wateja wenyewe ni watoto wa shule na madereva wa bodaboda. Kila akipiga hesabu jioni anaona anamfanyia kazi muuza kunde. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja, hatua kama thelathini kwa ishirini, kimekaa tu na mbigili. Akasema basi, atalima mwenyewe.

Akaenda duka la pembejeo, akasema, "Nipe mbegu ya kunde." Kama mtu anayenunua chumvi.

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Hakuna kitu kinaitwa mbegu ya kunde tu. Kuna kunde zinazosimama na kuna zinazotambaa. Kuna zinazoiva haraka zote kwa pamoja, na kuna zinazochelewa, zinatoa majani kwanza wiki nenda wiki rudi, maganda baadaye kidogo kidogo. Watafiti wa Ilonga, kule Kilosa, Morogoro, wametoa mbegu zenye majina mazuri kabisa: Tumaini, Fahari, Vuli-1, Vuli-2. Yeye alipewa Vuli-1, mbegu inayowahi kuiva. Jina lenyewe linakuambia msimu wake, vuli, mvua fupi za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Dada akaipanda mwezi wa tatu, mwanzo wa masika, siku mvua ya kwanza ilipogusa ardhi. Tena akamwaga na samadi ya kuku ndoo kwa ndoo, wakati kunde inajitengenezea mbolea yake ya naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi. Ukiilisha kupita kiasi inanenepa majani na kusahau kuzaa.

Mwaka huohuo baba mkwe alikuwa amefariki, na mama mkwe akahamishwa kutoka Kaole kuja kukaa kwa mwanawe. Alikuja na begi moja, mkeka, na chupa ya soda ya lita moja na nusu iliyojaa kunde zilizochanganywa na jivu. Kunde za rangi ya udongo mwekundu, zina madoadoa meusi. Hakuomba kiwanja. Aliomba mistari mitatu kando ya uzio, akapanda zake humo, kila shimo mbili mbili, kina cha vidole viwili, akaacha nafasi kubwa kati ya mstari na mstari mpaka mkwe akaona bibi anachezea ardhi.

Mwezi wa tano, si unaujua mwezi wa tano wa Pwani? Mvua inapiga asubuhi, inapumzika kula chakula cha mchana, inarudi. Vuli-1 iliwahi kama ilivyoahidi, miezi miwili na siku chache maganda yako tayari, lakini tayari kwa nani? Yaliloa, yakaota ukungu, mengine punje zikaanza kuchipua humohumo ndani ya ganda. Alichovuna hakikujaza beseni moja. Na pembeni ya uzio, kunde za mama mkwe ndiyo kwanza zinatambaa, zimefunika chini kama zulia. Kila baada ya siku tatu nne mama anachuma vile vichipukizi laini, anaacha shina liendelee, jioni kuna mboga ya kunde ya nazi mezani. Mama mkwe hakusema neno. Alipakua tu. Aliyewahi kukaa na mama mkwe anajua kunyamaza kwa namna hiyo kulivyo na sauti.

Mwezi wa nane jirani mmoja, bwana shamba mstaafu, ndiye aliyemwelewesha. Akamwambia kunde ya kuwahi usiihesabu kuanzia siku ya kupanda, ihesabu kurudi nyuma. Tafuta lini jua litakuwepo la kukaushia maganda, rudi nyuma miezi miwili, hapo ndipo panda. Kwa hiyo kwenye masika unaingojea mpaka mwisho mwisho, mwezi wa tano mvua zikianza kuchoka. Kwenye vuli unaipanda mvua zikianza tu, maana hazikai. Zile za kutambaa ndizo za mwanzo wa masika. Zinakula mvua yote kwenye majani na zinakuja kuzaa kiangazi.

Dada akashika nusu ya somo, ile inayomhusu. Akataka kiwanja chote kiwe wazi kabla ya vuli. Wakati huo kunde za mama zilikuwa na maganda, mengine makavu, mengine bado mabichi, na kwenye ncha kulikuwa na vidukari weusi wamejipanga. Mtu asiyejua akitazama anaona uchafu. Mama alikuwa amekwenda msibani Mlingotini, siku tatu. Dada akamwita kijana wa vibarua, akamwambia fyeka vyote, choma.

Mama akarudi, akakuta rundo linafuka moshi.

Chanzo cha karibu na familia kinasema hakukuwa na ugomvi wa kupigizana kelele. Mama alikwenda chumbani, akatoa begi lake, akaanza kukunja kanga. Mkwe akadhani ni hasira za mboga. Akasema, "Mama, si nitakununulia mbegu nyingine dukani?" Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, hiyo ya kwangu dukani haipo." Ile chupa ilikuwa tupu. Zilizobaki zilishapikwa, kwa sababu mavuno mapya yalikuwa njiani. Mbegu ile alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Shamba la Kaole lilishakatwa viwanja, wenzake waliokuwa nayo wamekufa au wamehamia kwa watoto wao mjini, na watoto hawalimi. Kwa hiyo mbegu ile ilikuwa imebaki kwenye mistari mitatu ya Kiromo. Mingine hakuna.

Mume alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Akapigiwa simu na dada yake, siyo na mkewe, na hilo ndilo lililoharibu zaidi. Akapiga nyumbani, maneno machache: "Mama akiondoka hapo, na wewe jiandae."

Watu wa mitandaoni wangesema amwache aende. Lakini huyu dada, pamoja na makeke yake yote, hakuwa mjinga. Alitoka na tochi ya simu na watoto wake wawili, wakaenda kulifukua lile rundo. Majani mabichi hayaungui vizuri, ndicho kilichomwokoa. Juu kulikuwa majivu, chini kulikuwa na mikunde iliyonyauka tu, na humo ndani kuna maganda makavu hayajaguswa na moto. Waliyachambua mpaka saa tano usiku. Zilizoungua pembeni, zilizotobolewa pembeni. Zilizobaki nzima zilijaa kikombe cha chai, pungufu kidogo.

Kikombe ni kidogo? Kwa kunde kinatosha. Ua la kunde kwa kawaida linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, kwa hiyo punje unayopanda inakuletea karibu kabisa mama yake. Siyo kama mahindi chotara, ambayo ukirudishia mbegu ya shambani mwaka unaofuata unavuna vioja. Kunde ukinunua mara moja, au ukirithi, ukitunza ni yako maisha. Mashina yenye afya yakitunzwa yanaweza kukurudishia chupa nzima. Mama alijua hilo bila kusomea. Alikiangalia kile kikombe muda mrefu, akakiweka juu ya meza, akauliza, "Utazipanda wapi?"

Begi lilikaa mlangoni siku mbili zaidi, halafu likarudi uvunguni.

Vuli ile dada alipanda pakiti yake kwa msimu wake, sentimita 50 mstari kwa mstari na 20 shina kwa shina. Wadudu wa maua aliwapunguza kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yanapigwa jioni nyuki wakishalala. Akavuna wiki ya Krismasi, jua kali, maganda yanapasuka yenyewe. Za mama zilipewa kona, mashina machache tu ya kupata mbegu, kila shina zuri limefungwa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchuma hata jani. Ukitaka majani mengi utakosa punje, kwa hiyo shina la mbegu linaachwa lipumue.

Kisha likaja suala la bajia, na hapa mama alishindwa kihalali. Dada aliloweka bakuli tatu usiku mmoja: za pakiti, za mama, na zile nyeupe zenye jicho jeusi za sokoni. Asubuhi akasugua. Zile nyeupe, zenye ganda la mikunjomikunjo, zilivuka nguo zenyewe. Za pakiti zilitaka nguvu kidogo. Za mama ganda liling'ang'ania, na rojo likatoka rangi ya tope. Watoto wa shule wakaziangalia bajia zile wakauliza kama zimeungua. Lakini mchana mama alizichemsha zake nzimanzima kwa tui zito, chumvi na pilipili moja isiyopasuliwa, na dada aliyekuwa akila kwa adabu tu akaongeza sahani. Za pakiti, mama anasema, "zinashibisha, basi."

Kwa hiyo kiwanja kikagawanywa. Mwanzo wa masika ni zamu ya mama, mistari ya kutambaa, nafasi sentimita 75 kwenda juu, ile iliyoonekana kuchezea ardhi. Kiangazi mchicha wa majirani ukikauka, wao wanachuma. Kiangazi hicho watoto waliumwa mfululizo na mtaji wa bajia ukaenda hospitali, na ni majani yale yaliyoshika nyumba wiki tatu mpaka lori likarudi. Mwisho wa masika na mwanzo wa vuli ni za kusimama, zile nyeupe za jicho jeusi na za pakiti, kwa ajili ya karai.

Kuhifadhi wanafanya kwa namna mbili. Wadudu wanaobungua kunde wanaanza kutaga mayai kulekule shambani juu ya maganda, ndiyo maana unazileta nyumbani safi na baada ya miezi miwili unakuta matundu ya duara. Za bajia zinaingia kwenye mfuko wa PICS, ule wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, unafungwa hewa isiingie na mdudu anakosa pumzi. Wengi wanaujua kama mfuko wa mahindi, kumbe ile C mwanzoni ilisimama badala ya kunde. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliuanzisha na wakulima wa Cameroon, na zao lilikuwa kunde. Mama amesikiliza habari hiyo yote, akaendelea na chupa na jivu. Chupa iliyojazwa mpaka shingoni na kukazwa kizibo kazi yake ni ileile.

Sasa hivi chupa za mama ziko tatu. Moja iko chumbani kwake, moja kwa binti yake Bunju, ambaye hana hata futi ya kupandia lakini kaamriwa aiweke. Ya tatu iko kwenye kabati la vyombo vya bajia, na hiyo mama huikagua mwenyewe kila Ijumaa.