Mkondo C Niliuanzisha Mimi

Wazazi wengi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, waliosomesha watoto shuleni kwetu wanadhani Mkondo C ulitoka kwa mwalimu mkuu, au kwa maofisa elimu wa jiji. Hapana. Wazo lilikuwa langu. Nililitetea kwenye kikao cha walimu na nikapigiwa makofi.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa yetu yalikuwa yamefurika. Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Sisi wa jirani na soko tulikiona kwenye nyaraka tu. Chumba kimoja kilikuwa na mtoto anayesoma gazeti la baba yake bila kusita, na mwenzake aliyeshuka juzi kutoka Umalila, Kiswahili kikiwa bado kinamkwama. Nikasema tuwe wabunifu: Darasa la Tatu tuligawe kwa uwezo. A wanaokwenda haraka, B wa kati, C wa polepole, kila mtoto afundishwe pale alipo. Jambo moja sikulisema kikaoni. Nilitaka A itubebe kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.

Jaribio la kuwagawa nililiandika ubaoni, kwa sababu hela ya kudurufu haikuwepo na michango ya wazazi ilikuwa imezuiwa. Watoto walinakili maswali kwenye karatasi, kisha wakajibu. Waliochelewa walibanana nyuma, wengine sakafuni, daftari likiwa juu ya magoti. Usiku nikasahihisha. Niliangalia majibu tu. Asubuhi orodha ilikuwa ukutani.

Mkondo C tukaupa mwalimu wa kujitolea, kijana aliyekuwa bado anasubiri ajira. Mimi, mwenye wazo la kuwasaidia wa polepole, nilichukua A.

Kosa langu nililigundua sokoni. Karatasi kuukuu za shule huuzwa kwa kilo, na wauza karanga huzifungia bidhaa. Siku moja nikanunua karanga Mwanjelwa, nikafungua, nikaona alama zangu nyekundu. Ilikuwa karatasi ya lile jaribio. Upande wenye jina ulikuwa umechanika. Swali la pili ubaoni lilikuwa 47 + 28. Nalikumbuka kwa sababu nilikusudia kuwatega kwenye kubeba. Mtoto huyu alikuwa ameandika 41 + 28, jibu 69. Nilimkosesha. Lililofuata lilikuwa 63 − 27. Yeye aliandika 68 − 27, akapata 41. Nikamkosesha tena. Nikasimama pale, karanga mkononi, nikayapitia yote upya. Hesabu zake zilikuwa sahihi karibu zote. Hakuwa anauona ubao.

Nilirudi shuleni nikafukua karatasi zilizobaki kabatini. Za namna ile hazikuwa chache. Nikachukua majina ya Mkondo C na kukumbuka nani alikaa wapi siku ile: wengi walikuwa wa nyuma. Walikaa nyuma kwa kuwa walichelewa, na walichelewa kwa kuwa alfajiri huwasaidia mama zao kushusha ndizi za Tukuyu kabla ya kuja shule. Nilikuwa nimepima macho ya watoto, nafasi zao za kukaa na kazi zao za alfajiri, nikaita uwezo.

Kuwagawa watoto kwa kiwango si dhambi. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo kwa miaka mingi, lakini mtoto hupimwa peke yake, akisoma kwa sauti mbele ya mtu anayemsikiliza, na makundi hupangwa upya kadiri watoto wanavyosonga mbele. Wale wa mpango uitwao Uwezo, waliopima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, nao walikaa na mtoto mmoja mmoja. Haya niliyajua. Niliona yatanichosha.

Tulirekebisha tulichoweza. Waliokuwa nyuma tuliwaleta mbele, maswali tukayasoma kwa sauti, na wazazi wa watoto waliokuwa wakikodolea ubao tukawaomba wawapeleke kupimwa macho. Baadhi ya watoto wa C walipopimwa upya walilingana na wa A. Mwaka wao mmoja, hata hivyo, ulikuwa umeshakwenda.

Na mvulana mmoja alikuwa ameshaacha shule. Nilimfuata mama yake gengeni.

“Mwalimu, si ninyi mliosema uwezo wake mdogo?” aliniambia. “Basi nimeona ajifunze biashara mapema.”

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameniamini. Nilimweleza habari za MEMKWA, ule mpango wa waliokosa shule, akasema atafikiria. Mtoto hakurudi. Siku hizi anasukuma mkokoteni maeneo ya Kabwe, na akiniona ananiamkia vizuri tu.

Mwalimu mwenzangu, wewe pia una darasa lililofurika, na pengine una wazo zuri la kupeleka kikaoni. Lipeleke. Ila kabla hujabandika orodha ukutani, chukua karatasi za waliofeli, usome swali alilonakili mtoto kabla ya kuliangalia jibu lake. Ni kazi ya jioni moja. Mimi jioni hiyo nilikuwa nayo, nikaitumia kupanga majina kwa mwandiko mzuri.