Baba Ametoka

Wengi mnaosoma ukurasa huu bado hamjazaa, kwa hiyo niwaibie siri moja. Mtoto wa mjini anamjua mzazi wake nusu tu. Anamwona alfajiri akivaa shati, anamwona usiku akivua viatu. Hapo katikati, mchana kutwa, mtoto yuko shule, na anabaki kuamini kwamba huko aliko baba yake ni mtu mkubwa, anaamuru watu. Shule zikifungwa mwanzo wa Desemba, imani hiyo inaingia majaribuni.

Mimi nina watoto wawili. Desemba ile ya 2024 binti alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la pili. Mdogo wake, wa kiume, alikuwa na miaka minne na hajaanza chochote ila fujo. Tunakaa Magomeni, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili. Kwa wasioijua nyumba hiyo: mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma ua wenye bomba, choo na majiko ya watu wote. Chumba chetu ni cha pili kushoto. Mtu akisimama mlango wa mbele tunamsikia hata akikohoa.

Mama watoto anafanya usafi katika hoteli moja mjini. Desemba kwao ndiyo msimu wa wageni, hivyo alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeingia. Mimi nina kibanda cha stesheni karibu na shule. Natoa kopi, nachapa barua, nauza kalamu na madaftari. Unaona mahesabu yalivyokaa? Shule zikifungwa, kazi yake inazidi, kazi yangu inakufa. Nani akae na watoto? Jibu halikuhitaji kikao.

Siku ilianza na maji. Joto likiingia, bomba letu la uani linatoa maji usiku wa manane au alfajiri, tena likijisikia. Aliyewahi anajaza madumu yake. Aliyechelewa anamsubiri mwenye mkokoteni na kumlipa. Basi mimi huyo, bukta na singlendi, nimepanga foleni na akina mama wa nyumba nzima. Siku za mwanzo walinicheka. Bibi wa chumba cha kwanza aliniuliza, "Mwanangu, leo zamu yako?" Siku ya nne hakuuliza tena, alinisogezea tu ndoo yangu mbele. Nikajua nimekubaliwa.

Baada ya maji, chai. Baada ya chai, watoto wanaoga. Baada ya kuoga, wanachafuka. Saa tatu asubuhi bati limeshaanza kulia kwa joto. Feni tunayo, ila uniti za luku zilikuwa za kuhesabu, nazo tuliziweka akiba ya usiku ili mdogo asitokwe na vipele. Mchana tulihama na kivuli kama kuku: asubuhi barazani, jua likifika tunaingia ukumbini, alasiri tunakwenda uani chini ya mwembe wa jirani ambao matawi yake yameruka ukuta. Ulikuwa msimu wa embe. Watoto wangu walikula embe mpaka midomo ikawachubuka kwa utomvu, na bado walilia wakinyimwa.

Binti alicheza rede na wenzake barabarani, mdogo wake akiokota mpira. Akichoka anakuja kukaa karibu yangu, ananitazama. Ndugu zangu, hakuna hakimu anayetazama hivyo.

"Baba, mbona huendi kazini?"

"Niko likizo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mfungue shule."

Akafikiri. "Kwa hiyo na wewe unasoma?"

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza tutakwenda lini Coco Beach kula mihogo, na mimi nikamjibu Jumapili. Ilikuwa Jumapili ya tatu kuahidiwa. Hakunikumbusha. Alikwenda zake kucheza.

Sasa tufike kwenye kodi. Chumba chetu ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Wapangaji wa mji huu wanaijua desturi hiyo, hata maumivu yake. Laki tatu. Miezi yetu sita ilikuwa inakwisha tarehe 31 Desemba. Mfukoni nilikuwa na elfu arobaini na kidogo, na kila noti ilikuwa na jina lake: mkaa, unga, luku. Mbele yake kulikuwa na Januari. Ni kweli kwamba ada ya shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa na mtu. Nilikuwa nimechacha, na si kidogo.

"Si umwambie tu mzee ukweli?" mama watoto aliniambia usiku, akijikanda miguu.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akija."

Akaja. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikitambua kikohozi chake kabla ya hodi. Mzee mwenye nyumba ni mtu wa heshima zake, kanzu, kofia, bakora, anatoka Mwananyamala kwa miguu. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Nilimwita binti kwa ishara, nikamnong'oneza, "Kamwambie baba ametoka."

Aliniangalia. "Lakini hujatoka."

"Nenda bwana."

"Basi toka kwanza."

Sikumwelewa. Akanishika mkono, akanivuta mpaka mlangoni mwa chumba, akaninyooshea kidole kule nyuma. "Toka uani. Ukishatoka ndiyo nimwambie umetoka."

Nilitoka. Mtu mzima na ndevu zangu, nilinyata ukumbini mpaka uani, nikasimama nyuma ya shuka zilizoanikwa, karibu na choo, ili mwanangu asiwe mwongo. Nilimsikia, sauti nyembamba: "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Baba yupo?" "Baba ametoka." Na kweli nilikuwa nimetoka.

Alipoondoka tulicheka sana, mimi na yeye. Ilikuwa kama tumecheza kombolela tukashinda. Nimelikumbuka cheko lile mara nyingi, na sijivunii.

Mara ya pili ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Safari hii binti hakuniambia nitoke. Alichungulia, akaona kandambili zangu ziko nje ya mlango wa chumba, akazichukua haraka na kuzisukuma uvunguni. Kisha akaenda. "Shikamoo babu. Baba ametoka." Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshika kikombe.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, jua la saa saba, njia nyeupe, hata mbwa wamelala. Kikohozi. Sikumtuma mtu. Kabla sijafungua mdomo binti alikuwa ameshanyanyuka, viatu vyangu ameshavificha, ameshafika mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Baba leo?"

"Baba amekwenda Kariakoo kununua karatasi za dukani kwake. Zile za kwanza zililowa maji."

Enyi mnaotaka kuwa waandishi, niwaambie kilichonipata. Kitu cha kwanza kilikuwa furaha. Nilisikia zile karatasi zilizolowa maji nikasema moyoni, huyu mtoto ana kipaji! Maana mimi mwenyewe huwa nakesha na daftari nikitafuta jambo dogo kama hilo, jambo ambalo msomaji akiliona anaiamini hadithi nzima. Yeye alilipata papo hapo, mguu mmoja kizingitini.

Furaha hiyo haikudumu. Mdogo wake, ambaye hajui kuficha kitu, alipiga kelele kutoka ukumbini: "Baba yupo!" Halafu nikasikia kilio. Dada yake alikuwa amemfinya. Amemfinya mdogo wake kwa sababu amesema kweli.

Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili, wawe na cha kushika duniani. Mimi wa kwangu nilimpa maneno mawili: baba ametoka. Na ndani ya wiki moja alikuwa ameyatungia hadithi, na ameanza kuyalinda kwa kucha.

Nilisimama. Nilitafuta kandambili nisizione, uvungu ulikuwa na giza na madumu. Nje bakora ilikuwa inaondoka, tok, tok, tok. Nikatoka peku.

Mchanga wa Desemba saa saba mchana si wa kukanyagwa. Nilikimbia kwa visigino, kwa vidole, kwa pembeni mwa mguu, nikirukia kila kivuli. Akina mama wa genge waliacha kumenya vitunguu. Nilimpata mzee kwenye kona, chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alinitazama usoni, kisha miguuni, hakuwa na haraka. "Kariakoo hawajambo?"

Niliinamisha kichwa. "Mzee, sikwenda Kariakoo."

"Najua. Na ile Jumanne hukwenda kokote. Nyumba ile niliijenga mimi. Ukisimama mlango wa mbele unaona mpaka uani. Nilikuona miguu chini ya shuka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Naye akaendelea, taratibu, "Kusubiri hela nimezoea, nina wapangaji miaka yote. Mtu mzima kujificha nyuma ya mtoto, hilo sijalizoea."

Sikuwa na la kujitetea. Nikamweleza yote: kibanda, shule kufungwa, elfu arobaini zenye majina. Msidhani alinikumbatia akanisamehe deni. Hayo ni ya filamu. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole, akatoa masharti. Elfu hamsini kabla ya mwaka kwisha. Laki mbili na nusu mwisho wa Januari. Ikishindikana, chumba anampa mtu mwingine, wapo wanaokitaka. Nikakubali. Alipogeuka kuondoka aliniambia nipite pembeni mwa ukuta, kuna kivuli, nisije nikaungua.

Nyumbani nilimkuta binti amesimama barazani, kandambili zangu mkononi, moja huku na moja huku. Aliziweka chini mbele yangu, akazinyoosha zikae sawa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, lakini yalikwisha.

"Amekasirika?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Mimi?"

"Hapana. Amenikasirikia mimi. Na mimi ndiye niliyekosa, siyo wewe."

Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa bado anavuta kamasi na kujishika mkono. Alikwenda akampulizia pale alipomfinya. Kisha akarudi. "Sasa akija tena nisemeje?"

"Sema nipo."

"Hata kama hela huna?"

"Hata kama sina."

Usiku nilimsimulia mama watoto. Hakucheka, hakugomba. Alitoa kwenye kibindo elfu kumi na tano alizopewa bakshishi na wageni, akaziweka juu ya meza, akasema, "Anzia hapo." Redio yetu nayo ilipata mnunuzi. Elfu hamsini za kwanza zilitimia tarehe 29. Jumapili iliyofuata, bila kuahidi mtu, niliwaamsha watoto mapema tukapanda daladala kwenda Coco. Mihogo tulinunua sahani moja, tukala wanne, na bahari haina kiingilio.

Najua wapo watakaosema huo ni uongo mdogo, mji mzima unaishi kwa uongo wa aina hiyo. Ni kweli. Kila siku barabarani tunasema niko njiani tukiwa bado kitandani. Lakini uongo wa kwangu nikiusema mwenyewe, naubeba mwenyewe. Niliomtwika mwanangu ulimfundisha mambo matatu kwa mpangilio ambao hakuna mwalimu angeweza: kwanza kutafuta kijinjia, kisha kuficha ushahidi, mwisho kumnyamazisha shahidi. Na mtoto yule yule ndiye aliyekuwa amenishika mkono akaniambia nitoke kwanza, kwa sababu hakutaka kusema kisichokuwepo. Likizo ile nilimwona akiwa hivyo, halafu nikamwona akiacha. Mwaka mzima wa shule nisingeyaona.

Laki mbili na nusu sikuzimaliza Januari. Shule zilipofunguliwa kibanda kilichangamka, ila sare zilikula za kwanza. Tarehe 31 mzee alikuja kama alivyosema. Ilikuwa Ijumaa jioni, binti ametoka shule, bado ana soksi. Mimi nilikuwa chumbani nahesabu noti kwa mara ya nne, labda zitaongezeka. Nikasikia kikohozi, nikasikia mlango.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Baba yupo?"

Nilishika pumzi.

"Yupo, babu," alisema, sauti kubwa, mtaa mzima usikie. "Ila hela bado haijatimia."