Barua kutoka Ughaibuni: Vyuma Baada ya Nyonga Bandia

Kwa wasomaji wa Nyamwage, Ikwiriri na Kibiti.

Kubadilishwa nyonga ni upasuaji ambao kichwa cha fupa la paja kilichoharibika hukatwa na kuondolewa, kisha tufe la chuma au la kauri lenye shina hupachikwa ndani ya fupa hilo, na kikombe kipya huwekwa kwenye mfupa wa kiuno ili tufe lizunguke humo bila maumivu. Nchini Uingereza, inakoandikwa barua hii, upasuaji huo hufanyika takribani mara laki moja kwa mwaka, na Watanzania waishio huko hawakosekani miongoni mwa wanaoupata. Kinachowashangaza jamaa zao walioko Rufiji ni yale yanayofuata, kwa kuwa mgonjwa ambaye nyumbani angekatazwa hata kuinua sufuria, huku huelekezwa baada ya miezi michache kwenye ukumbi wa mazoezi wenye vyuma, na wakati mwingine huenda na barua ya daktari inayompunguzia ada ya ukumbi huo.

Upasuaji huu ulipata umbo lake la sasa katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, ambako daktari John Charnley alianza kwa kutengeneza vikombe vya Teflon, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango, akaona vinasagika ndani ya miaka michache na kuwaachia wagonjwa maumivu mapya. Mnamo Novemba 1962 alijaribu plastiki ngumu zaidi, yaani poliethilini, akaioanisha na tufe dogo la chuma lenye upana wa milimita 22 hivi, na shina akalishikiza kwa saruji ya akriliki, ambayo madaktari wa meno walikwisha kuizoea. Safari hii kiungo kilidumu. Udogo wa tufe ulipunguza msuguano, ila tufe dogo huchomoka kwenye kikombe kwa urahisi zaidi, na hofu ya kuchomoka ndiyo iliyozaa makatazo mengi ambayo wagonjwa huyasikia hadi leo: wasikunje nyonga kupita pembe mraba, wasikae kwa kukunja nne, wasiiname kufunga kiatu. Matufe ya siku hizi ni makubwa zaidi, na madaktari wengi huyashikilia makatazo hayo kwa wiki 6 hadi 12 tu. Hata hivyo, hofu iliyokwisha kuingia katika familia haiondoki kwa sababu daktari ameilegeza.

Huku Ulaya wengi wanaobadilishwa nyonga ni wazee ambao gegedu lao, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika kwa miaka mingi. Tanzania mgonjwa anaweza kuwa kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda na kuziba mishipa midogo, ikiwemo inayolisha kichwa cha fupa la paja, ambacho hukosa damu, hufa na kuporomoka. Selimundu imeenea zaidi palipokuwa na malaria nyingi, kwa sababu aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na bonde la Rufiji ni mahali pa namna hiyo. Kijana wa Nyamwage anayevuka Daraja la Mkapa kwenda kupasuliwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, atahitaji kuitumia nyonga yake kwa miaka mingi kuliko mstaafu wa Wigan. Uchambuzi wa takwimu za nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25, jambo ambalo ni faraja kwa mzee wa miaka 70 na ni hesabu ya kutia wasiwasi kwa kijana wa miaka 25.

Nyonga mpya haiji na misuli mipya. Aliyechechemea kwa miaka mitatu kabla ya kupasuliwa amekwisha kupoteza nguvu za misuli ya pembeni ya nyonga, ambayo kazi yake ni kukishikilia kiuno kisilale upande mmoja wakati mguu wa pili uko hewani. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliieleza dalili hiyo mwaka 1895: mgonjwa akisimama kwa mguu dhaifu, kiuno hushuka upande wa pili, na mwili wa juu hujipindisha ili kufidia. Kutembea kwingi hakuondoi kasoro hiyo peke yake, kwani mwili uliozoea kukwepa huendelea kukwepa hata baada ya maumivu kwisha.

Hoja inayorudiwa sana nyumbani ni kwamba chuma kizito kitaing'oa nyonga. Watafiti wa Berlin wakiongozwa na Georg Bergmann waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa waliokubali, vikawa vinatuma taarifa nje ya mwili, na ikaonekana kwamba katika matembezi ya kawaida nyonga hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, yaani kilo 170 hivi kwa mtu wa kilo 70, ilhali mtu akijikwaa mzigo unaweza kupita mara 7. Kwa hiyo cha kuogopwa zaidi ni kujikwaa, kwenye barafu ya Januari huku au kwenye utelezi wa masika huko, na mwenye misuli dhaifu ndiye ajikwaaye.

Njia ya kuongeza uzito kidogo kidogo haikuanzia kwa watunisha misuli. Aliyeiandika kitabibu ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliyewatibu huko Chicago askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na ambaye mwenyewe alikuwa amenyanyua vyuma ujanani baada ya kuugua homa ya baridi yabisi. Huko Trondheim, Norway, watafiti walikwenda mbali zaidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa wachache walianza kusukuma uzito mkubwa kwa mguu uliopasuliwa wiki moja tu baada ya upasuaji, chini ya uangalizi, na wakapata nguvu kuliko wenzao wa tiba ya kawaida. Uthubutu huo si wa kuigwa sebuleni. Ukumbini mambo huenda taratibu zaidi: huanza mashine ya kusukuma kwa miguu, ambayo kiti chake husogezwa nyuma ili nyonga isikunjwe mno, hufuata kuinua mguu pembeni dhidi ya kamba yenye uzito, kisha kuketi na kuinuka kwenye benchi refu huku mikono imeshika vyuma vidogo. Bibi wa miaka 70 hufanya hayo alfajiri na hakuna anayegeuka kumtazama.

Vijana hupenda kumtaja Andy Murray, mchezaji tenisi Mskoti aliyepasuliwa nyonga London Januari 2019 na kutwaa ubingwa wa Antwerp Oktoba mwaka huo huo. Mfano huo unapotosha kidogo, kwa kuwa yeye hakukatwa kichwa cha fupa bali kilivishwa kofia ya chuma, upasuaji ambao haumfai kila mgonjwa; isitoshe, alikuwa na kundi la wataalamu wakimhudumia.

Nyamwage haina ukumbi wa namna hiyo, lakini dumu na maji vipo, na lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 5 likijazwa nusu, kisha robo tatu, kisha lote, ni uzito unaopimika kuliko jiwe. Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari wake anaweza kuketi na kuinuka kwenye kiti kirefu akiwa amelishika, na akaongeza maji pale tu anapomaliza marudio 10 bila maumivu. Kinachomwangusha ni vitu vya chini: kigoda, choo cha kuchuchumaa, na zaidi ya vyote mbuzi ya kukunia nazi, inayomkalisha mtu karibu na ardhi akiwa ameinama mbele. Kuswali juu ya kiti ni ruhusa inayojulikana kwa mgonjwa, na haifai mtu kuionea haya. Jembe la mkono huja mwisho kabisa, kwani hudai kuinama, kupinda na kuvuta kwa pamoja. Korosho nazo huokotwa chini kuanzia Oktoba, na aliyepasuliwa katikati ya mwaka atalazimika kila mara kushika mti au fimbo, kusimama kwa mguu mzima na kuunyoosha nyuma ule uliopasuliwa anapoinama, la sivyo awaachie wengine msimu huo.