Pumzi ya Injini

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii haikutungiwa magari, lakini yeyote anayepita katika gereji za jua kali za Ngara na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi atakiri kwamba inawahusu baadhi ya wateja wa humo. Hao ni vijana wanaoleta magari mazima, yasiyopiga misi wala kutoa moshi, nao hawaombi yatengenezwe bali yaongezewe nguvu. Injini iliyoundwa kiwandani kwa vipimo maalumu huwa haiwatoshi. Ni rahisi kuwabeza vijana hawa na kuiita haja yao utoto. Hata hivyo, kuibeza haja ya mtu kabla ya kuielewa si busara, na haja hii ina elimu ndani yake.

Injini ya petroli, kwa asili yake, ni chombo cha kuvuta pumzi. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipofaulu kuunda injini ya mapigo manne mwaka 1876, utaratibu huo haujabadilika. Pistoni hushuka na kufyonza hewa pamoja na mafuta. Hupanda na kuukandamiza mchanganyiko huo. Cheche ya plagi huuwasha, na mwako ukaisukuma pistoni chini. Kisha pistoni hupanda tena na kuufukuza moshi. Katika mapigo hayo manne ni moja tu linalozalisha nguvu. Aidha, kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Mafuta si tatizo, kwani pampu huyasukuma. Hewa ndiyo adimu. Kwa hiyo, fundi anayetaka kuongeza nguvu hana budi kulijibu swali moja: hewa zaidi itapitia wapi? Anaweza kuitanua silinda, kuzilainisha njia za hewa katika silinda hedi, kubadili kemshafti ili vali zikae wazi kwa muda mrefu zaidi, kufunga bomba pana la moshi, au kuweka tabo.

Kwa mkazi wa Nairobi swali hilo lina uzito wa pekee. Jiji limekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile. Kilichopungua ni wingi wa hewa yenyewe katika kila lita. Basi gari lisilo na tabo linalopanda kutoka pwani hadi Nairobi hupoteza karibu humusi ya nguvu zake njiani, bila kuharibika chochote. Tabo ni jawabu la upungufu huo. Moshi unaotoka, ambao vinginevyo ungepotea bure, huizungusha feni ndogo iliyofungwa kwenye mhimili mmoja na feni ya pili, na hiyo ya pili huishindilia hewa safi ndani ya silinda. Mzunguko wake huweza kupita mara 100,000 kwa dakika. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1905. Mwaka 1918, mhandisi Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi kileleni Pikes Peak, Colorado, mwinuko wa takriban mita 4,300, ili athibitishe kwamba tabo huweza kuirudishia injini pumzi iliyopokonywa na mlima. Kabla ya kuwa pambo la vijana, basi, tabo ilikwisha kuwa dawa ya wanaohema.

Magari mengi yanayofikishwa kwa mafundi hao yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, maana kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Miongoni mwayo Subaru imependwa mno, hasa tangu Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza. Injini yake ya lita 2 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na pistoni zake huenda na kurudi mithili ya mabondia wanaotupiana makonde. Vijana hupenda kusimuliana kwamba tangu mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 280. Mapatano hayo yalikuwapo kweli, na baadhi ya magari yaliyavuka kimyakimya. Hapo ndipo ilipochipuka imani kwamba kila gari la zama hizo limefichiwa hazina, na kwamba kazi ya fundi ni kuifukua tu.

Imani hiyo ndiyo iliyompeleka kijana mmoja wa miaka 24, karani katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa mjomba wake aliye fundi huko Ngara. Gari lenyewe lilinunuliwa kwa akiba yake na ya mama yake, ambaye ni dada wa fundi huyo. Halikuwa gari la anasa. Mama huyo alikuwa akiugua figo, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitalini kusafishwa damu na kurudishwa nyumbani Ruiru. Isitoshe, usiku wa Jumamosi gari lilikuwa na kazi nyingine, ambayo mama hakuambiwa: kijana alikutana na wenzake barabarani wapimane mbio, naye alikuwa ameachwa nyuma mara tatu mfululizo.

"Mjomba, naomba uniongezee shinikizo la tabo," alisema. "Ni kazi ya dakika chache. Fedha ninazo."

Mzee alimtazama kwa muda. Alikuwa ameanza kazi kama spana boi miaka ya sabini, wakati Joginder Singh na Shekhar Mehta walipokuwa wakishinda Safari, naye mwenyewe aliwahi kuyapenda mbio. Hakuwa na haki ya kujifanya asiyejua utamu wake.

"Na nikikataa, mwanangu?"

"Wapo watakaokubali, Mjomba."

Kauli hiyo haikusemwa kwa utovu wa adabu. Ilikuwa kweli tupu. Hapo ndipo penye mtihani wa fundi mwenye ujuzi na damu moja na mteja wake. Akikubali, atakuwa amemtilia mpwa wake kuni motoni. Akikataa, kazi itafanywa na asiyeijua, na gari litakalokatika njiani ni lile lile linalombeba dada yake. Mzee aliomba aachiwe gari kwa siku tatu, alisikilize kwanza.

Alichokipata hakikuwa hazina. Alipopima mkandamizo wa silinda, tatu zilikaribiana, na moja ilikuwa chini kwa karibu robo. Alipoifungua injini, akaona kwamba kijiukingo kati ya ringi za pistoni kilikuwa kimevunjika, kipande chenye ukubwa wa ukucha. Mpira wa kudhibiti tabo nao ulikuwa umechezewa zamani, kabla gari halijafika kwa kijana huyo. Alimwita mpwa wake, akaiweka pistoni ile kiganjani mwake, akamwambia, "Nguvu unayoitafuta ilikwisha kutumiwa na mwingine. Wewe umeuziwa deni lake."

Kijana alinuna. Kwa siku mbili aliwaza kwamba mjomba amemtilia chumvi ili amkomeshe, hata akaichukua pistoni ile akawaonyesha mafundi wawili wengine. Wote walimpa jibu lile lile.

Maelezo yake ni haya. Hewa inaposhindiliwa hupata joto, na mchanganyiko unapokuwa na joto na shinikizo la kupita kiasi, petroli hujiwasha yenyewe mahali ambapo mwali wa plagi haujafika. Badala ya mwako mmoja unaosambaa kwa taratibu, mawimbi makali huzipiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Mafundi husema injini inagonga. Mlio wake ni kama wa kokoto katika kopo la bati, na pistoni ya aluminiamu haiuhimili kwa muda mrefu. Kiwango cha okteni cha petroli ndicho kinachoonyesha jinsi mafuta yanavyoweza kustahimili jambo hilo. Petroli bora ya Japani, ambayo kwayo injini nyingi za tabo zilipimiwa, ina okteni takriban 100. Iliyozoeleka katika vituo vya Kenya iko chini ya hapo. Basi anayeongeza shinikizo bila kubadilisha kitu kingine anaiomba injini ifanye kazi zaidi kwa chakula duni zaidi.

Akiba ya kijana iliishia kwenye pistoni, ringi na gasketi. Injini ilifungwa upya, na tabo ikarejeshwa katika kipimo cha kiwanda. Siku alipolichukua gari, lilivuta kilimani kama ambavyo hakuwahi kulijua tangu alinunue. Alipiga simu kuuliza iwapo mjomba alikuwa ameongeza kitu. Mzee akamjibu kwamba alichofanya ni kurudisha tu.

Miezi minane baadaye kijana alirejea na fedha nyingine na ombi lile lile. Safari hii mzee hakumkatalia, alimwandikia orodha. Breki zilikuwa za kwanza, kwa sababu nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake: linalokimbia kilomita 140 kwa saa lina karibu maradufu ya nishati ya linalokwenda kilomita 100, na yote hayo sharti yamezwe na breki kabla ya kusimama. Matairi yakafuata, kisha rejeta, kisha kipozeo kikubwa zaidi cha hewa itokayo katika tabo, kisha pampu ya mafuta na kompyuta ya injini iliyopangwa upya. Shinikizo la tabo lilikuwa la mwisho, nalo liongezwe kidogo tu. Aidha, kampuni ya bima iarifiwe, kwa kuwa bima ya gari lililobadilishwa kwa siri huweza kukataa kulipa. Orodha hiyo ilichukua takriban mwaka mzima kukamilika, kipengele kimoja baada ya kingine, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Katika mwaka huo kijana alizoea kuyasoma magari kwa masikio, na Jumamosi zake zikahamia gerejini.

Waama, wapenzi wa Kiswahili nao wana la kujifunza hapo. Katika gereji, gari hula mafuta, hunywa oili, hukohoa, huchemka, huchoka na kukataa kuvuta. Injini ni mwili, na fundi ni mganga anayeuliza dalili kabla ya kutoa dawa. Maneno kama tabo, ringi, gasketi na rejeta yaliingia kwa mlango wa karakana, yakavishwa sauti za Kiswahili na watu wasiokalia kiti katika kamati yoyote ya istilahi. Anayetafuta lugha ya ufundi katika kamusi pekee ataikosa sehemu yake iliyo hai zaidi.

Kuna kinaya katika historia ya barabara za Kenya. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 chini ya Waziri John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru matatu zifungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa. Upande mmoja wa barabara taifa likapunguza mwendo kwa sheria. Upande wa pili vijana wakaununua kwa fedha zao. Ukweli ni kwamba nguvu na mwendo si kitu kimoja. Nguvu ni kulipita lori kwa usalama kwenye mteremko wa Kinungi, na ni kupanda mlima bila kuhema. Mwendo ni uamuzi wa mguu wa dereva, na hakuna spana inayoweza kuukaza mguu huo.

Kwa hivyo, anayetaka kuiongezea injini pumzi na aanze kwa kuuliza kama hiyo iliyo nayo haivuji, na kama kila kilichoungana nayo kinaweza kuubeba mzigo mpya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na mvunguni mwa gari, aghalabu, kinachopatikana kwanza ni madeni ya aliyetangulia.