Karani wa Kipande: Mafunzo ya Umri katika Nchi ya Mkonge

Maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii yalipita karibu yote katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako aliingia akiwa karani kijana katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, akapanda cheo baada ya Uhuru wa 1961, na akastaafu wakati mashamba ya umma yalipokuwa yakielekea kurudishwa mikononi mwa watu binafsi. Zao lenyewe lilikuwa geni, kwa kuwa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche yake kutoka Amerika mwaka 1893, na inasimuliwa kuwa ni miche 62 tu iliyofika hai. Lakini kufikia 1964 uzao wa hiyo michache ulikuwa umetapakaa kutoka Pangani hadi Korogwe na kwingineko, na nchi ilivuna takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi zinazobaki jani likishapondwa na kukwanguliwa katika mashine iitwayo korona.

Kazi yake ya kwanza ilihusu kipande, ambacho kilikuwa kadi ya mfanyakazi yenye nafasi za siku 30 za kazi, kila nafasi ikitiwa alama pale tu mkataji alipotimiza idadi ya mafungu aliyopangiwa, na kila fungu likiwa na majani 30. Wakataji wengi walikuwa manamba, jina walilopewa wafanyakazi wa mkataba walioandikishwa kwa nambari na kuletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata ng'ambo ya mipaka, kupitia ofisi ya kuajiri iliyojulikana kwa ufupi kama SILABU. Mtu aliyesafiri siku nyingi kuacha kwao, na ambaye mara nyingi hakujua kusoma, aliuweka mwezi wake mzima mikononi mwa watu wawili: nyapara, yaani msimamizi wa kikosi aliyehesabu mafungu, na karani aliyetia alama, na alama isiyotiwa ilikuwa siku isiyolipwa, hata kama mgongo wa mfanyakazi ulikuwa shahidi kwamba kazi imefanyika.

Katika nafasi hiyo mwandishi alijifunza tabia ya binadamu kuliko alivyojifunza darasani, kwani aliona kuwa dhuluma kubwa huogopwa na wengi, ilhali dhuluma ndogo isiyokaguliwa huzoeleka upesi, hasa inapomwangukia mgeni asiye na ndugu wa kumtetea. Nyapara aliyekataa fungu moja kwa kisingizio cha majani mafupi hakujiona mwizi, bali alijihesabu kuwa mkali wa kazi. Na jambo lililomshangaza mwandishi zaidi ni kwamba wanyapara wakali kupita wote walikuwa wale waliowahi kukata mkonge wenyewe na kukatwa siku zao, kana kwamba mateso yaliwafundisha njia za kutesa badala ya huruma.

Azimio la Arusha la 1967 lilipofuatwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi, watu wengi, mwandishi akiwamo, walitarajia kuwa tabia hizo zingeondoka pamoja na wenye mali wa zamani. Wenye amri walibadilika, na heshima ya mfanyakazi mbele ya sheria iliongezeka, ila mazoea ya kupunja yaliendelea katika mashamba yasiyo na usimamizi, sasa yakiielekea pia mali ya umma, ambayo kwa kuwa ilikuwa ya wote ilikosa mtu wa kuionea uchungu. Ni kweli kuwa nyuzi za viwandani zilivunja bei ya singa duniani, na kwamba hakuna uadilifu wa karani ambao ungeweza kuizuia hali hiyo. Hata hivyo, mavuno yaliyoporomoka hadi chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990 hayawezi kuelezwa kwa bei peke yake.

Kuhusu imani, mwandishi alilelewa katika chuo cha Kurani cha Ngamiani, mjini Tanga, ambako alihifadhi Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaojipimia kamili na kuwapimia wenzao pungufu, na ofisini alikaa meza moja na Mkristo aliyesomea Magila, misheni ya Waanglikana karibu na Muheza, ambaye naye alikuwa na onyo la mizani ya hila katika Kitabu cha Mithali. Umri umemthibitishia kuwa ibada hupimika pale ambapo hakuna mkaguzi, kwa sababu aliwafahamu wacha Mungu wa safu ya mbele waliopunja bila kusita, na aliwafahamu walevi wa pombe ya mnazi ambao kipande chao hakikuwahi kulalamikiwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui karibu na mji huohuo wa Tanga na kufariki 1962, naye alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, na kitabu chake cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni ushahidi kwamba meza ya karani yaweza kuwa mahali pa kujengea adili.

Leo wakulima wadogo waliojiunga katika vyama vya ushirika hupeleka mkonge wao kwenye korona, na wapo wanaouhesabu na kuuandika, ambao huenda hawakupata kusikia habari za kipande. Nasaha ya tawasifu hii kwao ni moja: mwenye kushika kalamu ya kuandika jasho la mwenzake na aandike kilichofanyika, asipunguze kwa chuki wala asiongeze kwa undugu, kwani serikali, bei na wenye mali hubadilika, lakini haki ya aliyetoka jasho haibadiliki.