Nywele Zilizonisomesha

Ada yangu ya sekondari ililipwa na nywele za watu. Mama ana saluni ndogo Ngamiani, Tanga: viti viwili, draya mbili ambazo moja hulalamika ikiwashwa, na rafu ya makopo ya dawa. Dawa hiyo haitibu kitu, ni krimu ya kunyoosha nywele. Mteja anapakwa mafuta mazito kwenye ngozi ya kichwa na nyuma ya masikio, anapakwa dawa, halafu anavumilia. Ikianza kuunguza anakimbizwa kwenye sinki. Wiki ya Idi viti havikupoa, na baada ya sikukuu mimi nilitumiwa pesa ya matumizi shuleni.

Kichwani kwangu hakukuwa na kitu. Shule yangu ya bweni, kama shule nyingi za serikali, iliwataka wasichana wanyoe. Mtoto wa msusi nikafika miaka 19 sijui nywele zangu zikiachwa zinakuwaje. Nilipomaliza kidato cha sita zikaota, kipilipili cha kuvunja vitana. Mama akashusha kopo. Nikamwomba asubiri kidogo, nizione kwanza. Kidogo hicho kina miaka saba sasa.

Jikoni niliingia kwa sababu ya umaskini, si falsafa. Mwanafunzi anayesubiri boom hanunui krimu za nywele, lakini nazi anaweza. Bibi yangu wa Pangani alinionyesha njia: kuna nazi kwa mbuzi, kamua tui la kwanza, chemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na machicha yageuke rangi. Mafuta hayo napaka nywele zikiwa na unyevu, hasa ncha, maana ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele na ndiyo inayokatika. Bamia nakata vipande, nachemsha mpaka maji yawe na ute, nachuja kwa kitambaa; ule ute unafanya chanuo lipite bila vita. Parachichi lazima lisagwe kwenye blenda na lichujwe, la sivyo utashinda siku tatu ukitoa vipande vya kijani kichwani. Shubiri mwitu ukishalikata liegemeze kwanza, utomvu wa njano umwagike, kwa sababu huo unawasha. Uwatu unalowekwa usiku kucha na unafanya kazi nzuri, ila harufu yake itapanda nawe daladala.

Bibi mwenyewe hakuwahi kutumia vyote hivyo. Yeye alitwanga majani ya mkunazi, akayavuruga kwenye maji yakatoa povu, akaosha. Mama hataki kuyasikia. Kwake mkunazi ni wa kuoshea maiti.

Nasomea shahada ya uzamili ya kemia, kwa hiyo siwezi kuacha kuuliza kipi kinafanya nini. Mafuta ya nazi yana utetezi mzuri: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakulifanya. Yai sina imani nalo. Protini zake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, zinakaa juu tu, na ukisuuza kwa maji ya moto unapata chakula kichwani. Limau na magadi ya kuokea, ambavyo watu hupeana kama siri, ni tindikali kali upande mmoja na alkali upande wa pili. Ngozi ya kichwa haikuomba lolote kati ya hayo. Na vyote vya jikoni vinaoza. Ukiweka friji, baada ya siku chache mwaga.

Dawa ya Mama nayo naijua kwa jina lake la maabara. Makopo mengi ya zamani yalikuwa na sodiamu haidroksidi, ile ile kostiki soda ya watengeneza sabuni, yenye pH inayopita 12. Inavunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na vile vya awali havirudi. Hilo halikunisumbua sana. Kilichonikosesha usingizi ni utafiti wa Oktoba 2022. Wanawake 33,497 wa Marekani walifuatiliwa kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Uhusiano si ushahidi wa chanzo, najua, ndivyo tunavyofundishwa. Lakini nilipomaliza kusoma sikufikiria wateja. Nilifikiria mikono ya Mama, miaka ishirini ndani ya krimu ile, mara nyingi bila glavu kwa sababu zile za kwenye boksi huchanika.

Nilimweleza likizo, tukipepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu, nilikusomesha kwa sumu?"

Nikasema siyo hivyo, Mama, utafiti wenyewe haukuhusu wasusi. Akasema kumbe hata hauhusu. Tukaendelea kupepeta.

Ingekuwa mimi na yeye tu, labda ningeacha. Lakini mdogo wangu amemaliza kidato cha sita mwezi Mei, nywele zimeanza kuota, na anataka dawa kabla ya chuo. Hoja yake siwezi kuidharau. Anajua kwamba mwaka jana, kwenye usaili wa ofisi fulani, niliulizwa kama siku ya kuanza kazi "nitakuwa nimezitengeneza." Nilikuwa nimeziosha, nimezipaka mafuta, nimezibana. Kazi sikupata. Dada, aliniuliza, hayo mafuta ya nazi yanakulipia kodi?

Nikampikia bamia. Mama akaja kusimama mlangoni, akalalamika kwamba zilikuwa za mchuzi, halafu akachukua chanuo mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa naanzia kwenye mzizi badala ya ncha. Akachana kichwa kizima kimya kimya. Mwishoni akapiga hesabu kwa sauti: gesi, bamia, saa nzima ya kusimama. "Mteja wa dawa baada ya miezi miwili anarudi. Wa bamia anarudi lini? Si atapika kwake?" Sikuwa na jibu la hilo pia, na kodi ya fremu ni kila mwezi.

Wiki iliyofuata nilikuta boksi la glavu za duka la dawa pale saluni. Anasema ni kwa ajili ya kucha.

Mdogo wangu amesukwa twende kilioni kwa sasa. Mama amemwambia ataamua mwenyewe chuo kikifungua. Kopo lake lipo rafuni, limeandikwa jina kwa makapeni, asije mteja akapakwa.