Banaras: picha moja juu ya nyingine

Juma hili nimekuwa nikicheza na picha za Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu ulio kando ya Mto Ganges, ambao siku hizi jina lake rasmi ni Varanasi. Za kale ni za Mwingereza Samuel Bourne, aliyepiga picha India miaka ya 1860. Nyingine ni za juzijuzi tu. Zote zinaonyesha zile ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, ambazo wenyeji huziita ghat.

Kazi yenyewe si ngumu. Fungua picha mbili kwenye GIMP, programu ya bure, uweke moja juu ya nyingine, kisha uififishe ya juu mpaka ya chini ionekane. Tafuta vitu visivyohama, kama kona ya hekalu, uvilinganishe. Tofauti zitajitokeza zenyewe.

Lakini ngoja kwanza! Si kila tofauti ni badiliko la mji. Banaras ya Bourne inaonekana kimya kwa sababu kamera za enzi hizo zilitumia kioo kilichopakwa dawa, nacho kilihitaji mwanga kwa sekunde kadhaa. Aliyetulia alibaki, aliyetembea alifutika. Ngazi nazo humezwa na mto mvua za monsuni zikija, kwa hiyo picha ya Januari na ya Agosti, mwaka huo huo mmoja, unaweza kudhani zimeachana karne nzima.

Sasa tazama Panchganga Ghat. Picha za kale zina minara miwili mirefu ya msikiti wa zama za mfalme Aurangzeb, karne ya 17. Leo haipo. Mchochezi akizibandika picha hizi sambamba na kuandika "oneni walivyobomoa", ugomvi utawaka mara moja. Kumbe mnara mmoja uliporomoka wenyewe mwaka 1948, na wa pili ukateremshwa baadaye kwa kuhofia usalama. Msikiti ungali pale. Kwa upande mwingine, karibu na hekalu la Kashi Vishwanath nyumba nyingi zilibomolewa kweli, kupisha njia pana ya kwenda mtoni iliyozinduliwa Desemba 2021.

Tarakilishi ilinionyesha kilichotoweka katika sehemu zote mbili. Sababu nilizipata kwa kusoma historia. Basi ukitumiwa picha za "zamani na sasa", uliza zilipigwa mwezi gani, kwa kamera gani, na maelezo kaandika nani, kabla hujamtumia mwenzako.